Ulipopima, Ulikuwa Nani?

Shinyanga,
7 Machi 1999

Mwanangu Edson,

"Mtambo umepimwa na kukutwa mzima; kilichokosekana ni uangalifu wa muuguzi." Sentensi hiyo umeninakilia mwenyewe kwenye barua yako ya Februari. Umesema ni ya meneja wa kambi yenu ya kutafuta madini, na kwamba imebandikwa kwenye ubao mlangoni pa bwalo, kila mtu aisome akienda kula. Naijibu kabla ya salamu. Uongo ukisubiri salamu unapewa na kiti.

Mtambo umepimwa. Na nani? Meneja hasemi. Umepimwa lini, kabla kijana hajafa au baada? Hasemi. Neno "umepimwa" limewekwa pale kama jiwe la kuzuia mlango. Kisha sentensi inaruka kutoka mashine hadi moyo wa mama wa watu, kana kwamba kuna kipimo cha uangalifu kilichochomekwa kwapani mwa muuguzi kikasoma sifuri. Nimesahihisha insha kwa miaka ishirini na mbili. Mwanafunzi akiniletea hoja ya namna hii nampa alama mbili, tena za mwandiko.

Kwa maelezo yako, mambo yalikuwa hivi. Jumamosi ya tarehe 16 Januari bomba la mashine ya kuchoronga miamba liliteleza likamvunja paja kijana Ngassa, akawa anatoka damu. Meneja alikuwa Mwanza na ufunguo wa chumba chenye simu ya setilaiti mfukoni mwake. Redio ya ofisi ya Mwanza huzimwa Jumamosi saa sita. Muuguzi Philomena alibakiwa na njia moja, kompyuta ya zahanati, amwandikie daktari wa kampuni alete ndege. Yeye anasema kompyuta ilimkatalia neno lake la siri. Meneja anasema hakujaribu, au alilisahau neno. Ngassa akapakiwa kwenye gari, mvua ikiwa imekata barabara, akafa kabla ya kufika Sengerema.

Hivyo basi mtu mmoja amekufa, na mwingine anatafutwa wa kumbebesha. Ajabu ni kwamba kila mara anayepatikana ni mwanamke, ana umri, na hana wa kumsemea.

Nikupe kisa. Shule ninayofundisha ina maktaba. Mkaguzi alipokuja, mwalimu mkuu akamwambia maktaba iko wazi siku zote, akachukua ufunguo wake akafungua, mkaguzi akaandika: iko wazi. Hakuna mtoto aliyewahi kuingia mle. Mkaguzi hakudanganywa kwa neno hata moja. Alichokosa ni kumtuma mtoto akajaribu mlango.

Kwa hiyo nakuuliza, maana najua anayetunza mashine hizo ni wewe: ulipopima, ulipima ukiwa nani?

Sasa salamu. Hatujambo. Mvua imekuja kwa fujo kisha ikaondoka, mtama wa baba yako umesimama kwenye udongo kama watu waliosahauliwa kituoni. Ng'ombe wawili wamekufa. Baba yako goti linamsumbua lakini anakataa fimbo. Je, Noela bado yuko Katoro kwa mama yake, au umeshamchukua? Mimba ya miezi mitano si ya kuachwa kwa watu. Barua hii nampa kondakta aiache dukani kwa Fazal, kama kawaida.

Ni mimi shangazi yako,
Mbuke


Geita,
2 Aprili 1999

Shangazi, shikamoo.

Leo ni Ijumaa Kuu, hatufanyi kazi, ndiyo maana nimepata nafasi. Barua yako ilikaa kwa Fazal wiki mbili, barabara ilikuwa imejaa maji. Noela nimemchukua tangu katikati ya Machi. Ni mzima ila miguu inamvimba. Anakusalimu sana, anasema akijifungua mtoto wa kike atampa jina lako, nami nimemwambia afikirie vizuri. Pole kwa ng'ombe. Mwambie baba nitatuma kitu mwisho wa mwezi.

Barua zako zina wasomaji huku. Nafanya kazi na wenzangu wawili, Donatus na Imran, nao wakiona mwandiko wako wanakuja na vikombe vya chai niwasomee. Ile ya alama mbili za mwandiko imewafurahisha. Imran anasema ungekuwa meneja, sote tungeshafukuzwa.

Kuhusu swali lako, ngoja nikueleze ujue kwamba hakuna hila. Njia yetu ya setilaiti inalipiwa kwa dakika, kwa hiyo kati ya kompyuta za kambi na dunia tumeweka kompyuta moja inayosimama kama mlinzi wa geti. Inaitwa seva ya proksi. Inaendeshwa na Linux, mfumo ambao niliufunga mwenyewe Novemba nikijifunza kwenye karatasi nilizochapa Mwanza. Anayetaka kutoka anaulizwa jina na neno la siri. Mlinzi anaangalia kwenye faili la majina, akimkuta anampisha. Kompyuta za meneja na wakubwa wengine watatu haziulizwi, nilielekezwa hivyo.

Jumapili, siku moja baada ya ajali, niliitwa nipime. Nilikaa mbele ya seva yenyewe, nikaita ile programu inayohakiki majina, nikaandika jina la mama Philomena na neno lake la siri alilonipa mwenyewe huku akilia. Programu ikajibu OK. Nikarudia mara tatu, OK mara tatu. Nikaandika ripoti nikasaini. Ningefanya nini kingine?

Unauliza nilikuwa nani. Nilikuwa root, yaani mtumiaji mkuu, ambaye hakuna faili linalofungwa mbele yake. Fundi yeyote hapa, mimi, Donatus au Imran, anapima hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hapa wanalitaja. Jumamosi ile ile mchana, mjiolojia mmoja Mzungu aliitumia proksi hiyo hiyo hadi karibu saa nane, ikampisha vizuri. Kwa hiyo ilikuwa hai.

Mama Philomena ameachishwa kazi tarehe 20 Machi. Ameenda Buseresere kwa kaka yake anayeitwa Pantaleo, fundi cherehani. Hakuniaga. Mimi pia sikwenda kumuaga, nilikuwa na kazi nyingi.

Shangazi, usiichukue hii kama vita vyako vingine. Baba aliwahi kusema hasira zako zilianza mwaka aliokufa bibi, lakini hakuniambia kwa nini, nawe uliahidi kunisimulia nikiwa mtu mzima. Nina miaka ishirini na tisa sasa.

Mwanao,
Edson


Shinyanga,
25 Aprili 1999

Edson,

Marahaba. Baba yako amepokea ulichotuma, goti ni lile lile. Mwambie Noela aweke miguu juu ya mto na apunguze chumvi. Habari za bibi yako tuziache.

Nimetoka Buseresere. Ndiyo, nimekwenda. Shule zilikuwa zimefungwa, nikapanda basi la Kahama, nikalala Runzewe, kesho yake nikafika nikiwa na tope hadi magotini. Nilitaka kumwona mtu ambaye meneja wako amempima uangalifu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya Pantaleo anachambua maharage. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, macho mekundu, mikono safi kupita kiasi. Nilimwambia mimi ni shangazi yake Edson wa kompyuta. Akasema Edson ni kijana mwenye adabu.

Nilimuuliza ilivyokuwa. Alinieleza bila kupandisha sauti.

"Iliniambia nimekosea. Nikajua nimekosea. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikaniambia nimekosea. Ngassa alikuwa nyuma yangu kwenye kitanda ananiuliza, mayu, mama, wamejibu? Nikamwambia wanajibu sasa hivi."

Siku mbili kabla sijafika, walikuja watu watatu kutoka Runzewe, mjomba wake Ngassa na wenzake wawili. Waliketi uani. Pantaleo akawaletea maji ya kunywa, hawakuyagusa. Wewe umezaliwa huku, unajua maana ya mgeni aliyetembea juani akakataa maji. Mjomba mtu alizungumza kwa upole sana, Pantaleo anasema upole ule ndio uliomtisha.

"Tumekuja kuuliza tu," alisema. "Mashine haina ndugu wala adui. Mzungu alipita, wengine walipita. Kwa nini ilikataa mikono yake peke yake?"

Kisha akamtazama Philomena machoni, kwa muda, wakaondoka.

Umeelewa kilichofanyika? Ninyi mnadhani mmeandika ripoti ya kiufundi. Ripoti yenu imetoka kwenye ubao wa bwalo, imepita Katoro sokoni, imefika Runzewe, na huko imepata maana yake kamili. Mganga alikuwa akihitaji kuku na kioo ili amtaje mchawi. Sasa anayo karatasi ya kampuni, ina muhuri, na jina lililosainiwa chini ni letu, mimi na wewe.

Sasa soma tena ulichoniandikia mwenyewe. "Hakuna faili linalofungwa mbele yake." Kama hakuna kinachofungwa mbele yako, utajuaje kilichofungwa mbele ya mwingine? Mimi sijui kompyuta. Najua tu kwamba umejaribu mlango kwa ufunguo wa mwalimu mkuu. Na yule mlinzi wako wa geti, anapofungua faili la majina akiwa kazini, naye ni root? Au ana cheo kingine? Ulimpima yeye, au ulijipima wewe?

Ingia ukiwa yeye. Kisha uniandikie. Sitaki habari nyingine yoyote, hata za ng'ombe.

Mbuke


Geita,
6 Juni 1999

Shangazi, shikamoo. Natumaini nyote mko salama, na goti la baba limepoa. Noela amepita mwezi wa nane, daktari anasema mtoto amekaa vizuri. Huku vumbi limeanza. Kuna maneno kwamba kampuni kubwa zaidi itanunua eneo hili, mikataba yetu inaisha mwisho wa Agosti, na haijulikani nani atabaki.

Najua nimechelewa kujibu. Barua yako niliipata tarehe 5 Mei. Hiyo sikuwasomea akina Donatus.

Nilifanya ulivyosema. Nilichukua kompyuta ya zamani, nikaifungia Linux na proksi kama ile ya ofisini, nikairudisha hali ya Januari kutoka kwenye nakala za akiba. Nikiwa root niliita programu ya kuhakiki majina: OK. Kisha nikatoa amri ya kubadili mtumiaji, nikawa mtumiaji mdogo ambaye proksi hufanya kazi kwa jina lake. Hana cheo chochote, anawekwa hivyo makusudi ili mhalifu akiingia kwa mlango wa proksi asipate cha kuharibu. Nikaita programu ile ile, jina lile lile, neno la siri lile lile. Ikajibu kwamba ruhusa imekataliwa.

Nikatazama faili la majina. Mwenyewe ni root, kusoma ni root, kuandika ni root, wengine wote hakuna. Nikalifungua lisomeke. Bado ikakataa. Kumbe hata saraka, yaani kabati linalolihifadhi, niliifunga, kwa hiyo mtumiaji mdogo hakuweza hata kufika lilipo. Nikafungua na saraka. Ikajibu OK.

Sasa naandika jinsi ilivyotokea. Wiki ya kwanza ya Januari nilisoma onyo kwamba mafaili ya siri yasiachwe wazi. Nikaibana saraka ile, na nikaweka kanuni kwamba kila faili jipya la root lizaliwe limefungwa. Faili la majina lilikuwa la zamani, na programu ya kuhakiki ilikuwa imeshalisoma, kwa hiyo hakuna kilichoonekana. Ijumaa tarehe 15 mchana niliongeza jina la mama Philomena, maana zahanati ilikuwa haijapewa jina la kuingilia. Amri ya kuongeza jina huandika faili upya. Likazaliwa limefungwa. Mlinzi alipotaka kulisoma upya, hakuweza. Waliokwisha kupishwa, proksi iliendelea kuwakumbuka kwa saa ishirini na nne, ndiyo maana mjiolojia yule alipita. Wakubwa hawakuulizwa. Mchana wa Jumamosi aliyegonga upya alikuwa mmoja tu.

Na mashine haikumwambia kwamba imeshindwa kusoma faili lake. Haikutengenezwa kusema hivyo kwa mtu aliye mbele ya kioo. Inasema jina au neno la siri si sahihi.

Kila ilichoshindwa, imekiandika kwenye kumbukumbu zake. Mara ya kwanza saa nane na dakika kumi mchana. Mara ya mwisho saa tisa kasoro dakika nane. Ni mara kumi na moja, na kila mara anwani ni ya kompyuta ya zahanati. Nimeichapa. Ni karatasi moja.

Nimebakiza jambo moja na nilitaka kulipita. Jumatatu tarehe 18, asubuhi, wajiolojia watatu walikataliwa na proksi. Mbele ya Donatus na Imran nilitoa amri moja ya kufungua ruhusa za saraka na vyote vilivyomo, wakapita. Ripoti yangu ilikuwa bado mezani kwa meneja, hajaibandika. Sikujiuliza kilichotokea. Hapana, shangazi, nitaandika kweli: nilijiuliza, nikaenda kunywa chai.

Unaona mahali nilipo. Nikiionyesha karatasi hii sasa, Agosti mimi si mtu wa kubaki. Noela anajifungua Julai. Nimefikiri nisubiri mkataba mpya usainiwe, halafu nitafute namna ya kulisema pole pole, labda kwa meneja mpya, ambaye hana sababu ya kulinda jina la huyu. Mama Philomena ana kaka yake, nyumba anayo. Miezi mitatu si mingi.

Barua hii ukishaisoma ichome, tafadhali.

Edson


Shinyanga,
27 Juni 1999

Mwanangu Edson,

Hatujambo. Baba yako amekubali fimbo. Nimenunua kanga mbili za mtoto, atakuja nazo mama yako.

Barua yako sikuichoma. Iko kwenye sanduku langu la bati, chini ya vyeti.

Umeandika, "Mama Philomena ana kaka yake, nyumba anayo." Hoja hiyo naijibu kwa habari. Tarehe 9 Juni Pantaleo alikuta kuku mweusi amekatwa kichwa mlangoni pake. Tarehe 11 wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Tarehe 14 mke wake alimwambia wachague, yeye na watoto au dada yake. Pantaleo hakuchagua. Philomena alichagua kwa niaba yao. Alikuja kwangu kwa basi, na begi moja, kwa kuwa kwenye karatasi niliyomwachia palikuwa na anwani yangu. Ninapoandika yuko chumba cha pili. Redio yangu ikizimika hainyanyui mkono kuiwasha. Jana nilimwomba anibonyezee kitufe tu. Akasema, "Mwalimu, bonyeza wewe."

Hajui kilichomo kwenye barua yako. Nimeshindwa kumwambia, kwa sababu anayepaswa kumwambia si mimi.

Ulitaka habari za bibi yako. Haya.

Ulikuwa shuleni, bweni, ukaambiwa mama yangu, bibi yako Mageni, alikufa kwa malaria mwaka 1984. Si kweli. Mwaka ule ndama walikufa mfululizo, mtoto wa jirani naye akafa, na watu wakaanza kumtazama macho. Yalikuwa mekundu. Alipika maisha yake yote kwa kinyesi cha ng'ombe kwa kuwa kuni hazikuwapo, na alikuwa na ugonjwa wa kope. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimempeleka hospitali, wakaandika karatasi: ugonjwa ni huu, unasababishwa na hiki, dawa ni hii. Karatasi ile nilibaki nayo mimi, niliyesoma. Nilikuwa chuo cha ualimu Tabora kwa mafunzo ya kujiendeleza. Baba yako akaniandikia: njoo na karatasi, kuna mkutano wa kijiji, uwasomee. Nilimjibu kwamba nina mitihani, nitakuja muhula ukifungwa. Wiki tano si nyingi, niliandika hivyo.

Nilifika siku ya tatu ya msiba. Panga halikuwa limesubiri muhula.

Baba yako hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Ametunza ile barua yangu. Aliwahi kunionyesha mara moja, akairudisha mahali pake. Tangu hapo nimepigana na kila mtu kwenye kila gazeti linalokubali barua, na watu wanadhani ni ujasiri. Sasa unajua hasira zangu zilianzia wapi, na kwa nini nilitaka uwe mtu mzima kwanza. Nadhani nilikuwa nasubiri niwe mtu mzima mimi.

Kwa hiyo usiniambie habari za Agosti.

Najua utakachopoteza. Nimekihesabu nikiwa na kanga za mtoto mikononi. Unaweza kufukuzwa na mke ana mtoto wa siku saba. Mtakuja hapa, tutabanana, tutakula mtama kama upo. Sikuahidi zaidi ya hapo, wala sisemi kwamba ukisema kweli meneja atakupa mkono. Atakuchukia. Lakini kosa lako la Ijumaa ni la kazi, mtu yeyote anaweza kufunga faili asijue. Kosa la Jumapili ni la kutokufikiri. La Jumatatu, ulipokwenda kunywa chai, ndilo lako hasa, na kila siku karatasi ile inapobaki kwenye droo yako unalifanya upya.

Na ninyi wawili, Donatus na Imran. Najua mtaisoma hii, maana nakala yenu nimeiacha kwa Fazal. Edson asipowasomea, mwulizeni kwa nini safari hii amekunja bahasha. Mlicheka niliposema alama mbili za mwandiko, nami sikukasirika. Lakini ninyi pia mna neno la siri la root. Ninyi pia mliona Jumatatu wajiolojia wakikataliwa na kisha wakipita, na mlikuwa na vikombe mikononi. Mashine ilimwambia mama yule mara kumi na moja kwamba amekosea, na watu watatu wanaojua lugha ya mashine hiyo walinyamaza. Mjomba wake Ngassa hajui Linux. Mimi sijui. Ninyi mnajua.

Basi, Edson, Donatus, Imran, nataka haya.

Jumatatu tarehe 12 Julai, kabla ya zamu ya asubuhi kwenda kunywa uji, bandikeni karatasi ile kwenye ubao ule ule, juu ya ile ya meneja. Chini yake andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mchorongaji ataweza kuzisoma akiwa na sahani mkononi: muuguzi Philomena alijaribu mara kumi na moja, faili lilikuwa limefungwa, na aliyelifunga ni Edson. Wekeni majina yenu matatu. Nakala moja mpelekeeni meneja mkononi. Nyingine mpelekeeni Pantaleo, Buseresere. Ya tatu, Edson, utaipeleka Runzewe kwa miguu yako, uketi uani kwa mjomba wake Ngassa, umsomee. Akikupa maji, unywe. Asipokupa, msomee hivyo hivyo.

Kisha uje hapa, ubishe mlango wa chumba cha pili, umwamkie.

Isipobandikwa siku hiyo, tarehe 13 nitapanda basi na sanduku langu la bati, na nitakayoibandika ni barua yako ya tarehe 6 Juni, kwa mwandiko wako, nawe ni mtoto wa kaka yangu. Msinifanye nipande basi hilo.

Mbuke